Nani anaruhusiwa kukuandikia dawa, na cheti kinafanyaje kazi: mwongozo kwa mgonjwa wa Tanzania

Cheti cha dawa ni agizo kutoka kwa mtu mmoja mwenye leseni kwenda kwa mwingine mwenye leseni. Tabibu anaandika, mfamasia anasoma, na kabla dawa haijafika mkononi mwako huyu wa pili ana haki, tena ana wajibu, wa kumuuliza wa kwanza. Ukienda dukani ukasema "tumbo linasokota na homa za usiku", ukafungiwa Flajili na Septrini palepale kaunta, basi aliyekupima, aliyeandika na aliyeuza ni mtu mmoja, naye anapata riziki kwa kuuza. Hakuna aliyemkagua.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya dawa, yaani Wakala wa Chakula na Dawa, ila mambo mengi ya kusoma na kukagua cheti ni yaleyale.

Hatua ya kwanza: jua aliyekuandikia ni nani

Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni "dokta". Mpimaji wa maabara dokta, muuza dawa dokta, mkunga dokta. Kwa heshima haina shida. Kwa dawa ina shida, maana waliofunzwa na kusajiliwa kuandika ni wachache kuliko wanaoitwa hivyo.

Wa kwanza ni daktari mwenye shahada ya udaktari wa tiba, aliyesoma miaka 5 na kufanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1. Akiendelea kusomea fani moja anakuwa daktari bingwa. Yule kijana unayemkuta wodini usiku, yuko kwenye huo mwaka wa mafunzo, naye anaandika, lakini chini ya uangalizi wa wakubwa zake. Baada ya hao kuna daktari msaidizi, kisha tabibu mwenye stashahada ya miaka 3, na tabibu msaidizi. Usiwadharau hawa wawili wa mwisho. Zahanati na vituo vya afya vya nchi hii vinaendeshwa na matabibu, na malaria nyingi unazosikia zimepona ziliandikiwa na wao. Hawa wote wanasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya mwaka 2017.

Daktari wa kinywa na meno anaandika dawa za fani yake: kiuavijasumu (antibayotiki) cha jipu la jino, dawa ya maumivu baada ya kung'oa. Hatarajiwi kukuandikia dawa ya presha kwa kuwa tu umemkuta ana nafasi.

Wauguzi na wakunga ndipo penye maneno mengi. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kazi yake kubwa kuhusu dawa ni kumpa mgonjwa kile kilichoandikwa na mwingine. Lakini kwa miongozo ya wizara, muuguzi aliyepata mafunzo husika hutoa dawa katika huduma maalumu kama uzazi wa mpango, kliniki ya wajawazito na kliniki za watu wanaoishi na VVU. Na ukifika zahanati ya kijijini ukakuta muuguzi peke yake kwa kuwa tabibu yuko likizo, utatibiwa naye. Huo ndio ukweli wa mahali penye upungufu wa watumishi, na kwa malaria ya kawaida au kuhara kwa mtoto anao mwongozo wa kufuata.

Wasioandika: mfamasia (kazi yake ni kukagua na kutoa), mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtaalamu wa maabara. Huyu wa mwisho namtaja kwa makusudi. Mijini imekuwa kawaida kuingia maabara ya mtaani, kupimwa mkojo na damu, kutoka na karatasi yenye "UTI" na "taifodi", na chini yake mtu ameongeza majina mawili ya dawa kwa kalamu. Majibu ya maabara si cheti. Yapeleke kwa tabibu ayasome pamoja na hali yako, maana kipimo kimoja cha taifodi cha damu kikionyesha "chanya" hakitoshi kusema unaumwa taifodi leo.

Mganga wa tiba asili anatambuliwa na sheria ya mwaka 2002 na ana baraza lake, lakini anatoa dawa zake, haandiki za hospitali. Daktari wa mifugo anaandika dawa za mifugo, na kiuavijasumu cha ng'ombe kibaki kwa ng'ombe.

Ukiwa na wasiwasi na mtu, muulize kwa adabu kada yake na namba ya usajili. Mwenye sifa zake hakasiriki.

Hatua ya pili: jua dawa yako iko kundi gani

Watu wa mtaani wana mgawanyo wao wa "dawa baridi" na "dawa moto", na kwa kweli haupo mbali sana na wa sheria. Kuna dawa zinazouzwa bila cheti: paracetamol, chumvi ya ORS na zinki kwa kuhara, vidonge vya magnesiamu vya kiungulia, na jamaa zake. Kuna dawa za cheti: viuavijasumu vyote, dawa za presha na kisukari, za moyo, za kifafa, na sindano karibu zote. Juu kabisa zipo zinazodhibitiwa, kama mofini, pethidini na diazepam, ambazo nitazirudia chini. Anayepanga nani yuko kundi gani ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ile iliyokuwa TFDA hadi mwaka 2019.

Maduka nayo hayalingani. Famasi lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Duka la dawa muhimu, lile lenye kifupisho cha DLDM, ni la ngazi ya chini yake. Mpango huu ulianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma ili watu wa vijijini wasitembee kutwa nzima kutafuta dawa za msingi. Duka hilo linaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, amoksilini ikiwamo, na muuzaji wake amepitia mafunzo. Kuchoma sindano hakumo kwenye leseni yake. Ukiambiwa "njoo nyuma nikudunge sindano za masaa", geuza.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wengi: kwa nini zahanati haina dawa fulani hata kama bohari imejaa. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu unapanga dawa kwa herufi. A ni ngazi ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya halmashauri, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S ubingwa. Tabibu wa zahanati akikupa rufaa badala ya kukuandikia dawa ya ngazi ya D, hajashindwa kazi. Anafuata utaratibu.

Hatua ya tatu: soma cheti kabla hujatoka chumba cha daktari

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopoteza nafasi. Ukishafika dirishani, kurudi chumbani ni foleni nyingine. Chukua dakika 1 palepale, umekaa kwenye kiti, uangalie haya:

Jina lako lote matatu, umri na jinsia, na kwa mtoto uzito. Tarehe. Jina la dawa, tena jina lake halisi na si la kampuni (paracetamol, si Panadol). Nguvu yake kwa miligramu. Inanywewa kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Mwisho jina la aliyeandika, kada yake, sahihi na muhuri wa kituo.

Katika hospitali za serikali zinazotumia mfumo wa kompyuta huenda usipewe karatasi kabisa. Tabibu anabonyeza, unalipia kwa namba ya malipo, na dawa inaonekana kwenye skrini ya dirishani. Hata hivyo una haki ya kuambiwa umeandikiwa nini. Mwambie: "Dokta, naomba uniandikie majina ya dawa niwe nayo." Siku ukilazwa kwingine ghafla, hiyo karatasi ndiyo itakayokusemea.

Uliza pia maswali matatu kabla hujainuka: hii dawa ni ya nini, nitajuaje kwamba inafanya kazi, na nikiona nini nirudi haraka. Na wewe sema bila kuulizwa: kama ni mjamzito au unanyonyesha, dawa iliyowahi kukudhuru, dawa nyingine unazokunywa, na za mitishamba pia. Hapo hakuna aibu.

Hatua ya nne: jifunze maandishi yake

Vifupisho vingi ni vya Kilatini, vimebaki hivyo tangu zamani. OD ni mara moja kwa siku. BD ni kutwa mara mbili, TDS kutwa mara tatu, QID mara nne. Nocte ni usiku unapolala. Stat ni papo hapo, dozi moja basi. PRN ni ukihitaji tu. Ac ni kabla ya chakula, pc ni baada ya chakula.

Sehemu za namba ndizo zinazotatiza. 5/7 ni siku 5, kwa kuwa wiki ina siku 7. 2/52 ni wiki 2. 3/12 ni miezi 3.

Sasa chukua mstari huu, mmoja wa wanaoandikwa sana nchini:

Caps Amoxicillin 500 mg TDS 5/7

Maana yake: vidonge vya amoksilini, miligramu 500 kila mara, kutwa mara tatu, siku 5. Lakini vidonge vingi vilivyopo madukani ni vya miligramu 250. Kwa hiyo kila mara unameza 2. Mbili mara tatu ni 6 kwa siku, mara siku 5 ni 30. Ukikabidhiwa 15 vya 250, umepewa nusu dozi, iwe kwa haraka ya muuzaji au kwa sababu ulisema "nipe za elfu mbili". Ukipewa vya 500, basi 15 ni sawasawa. Hesabu hii inachukua sekunde chache na haihitaji elimu ya udaktari.

Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima, ALu, ni vidonge 4 kutwa mara mbili siku 3, jumla 24. Dozi ya pili inanywewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata asubuhi na jioni. Inywe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana mwili unaipokea vizuri zaidi hivyo.

Kutwa mara tatu, kwa usahihi, ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wengi hunywa asubuhi, mchana na saa 12 jioni, kisha usiku mzima mwili unabaki bila dawa. Kwa paracetamol haidhuru. Kwa kiuavijasumu jitahidi ulingane na saa.

Kwenye bahasha ya dawa utaona 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Hapa watu huchanganya: 2x1 ni viwili kwa mpigo mara moja, 1x2 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Jumla ni ileile lakini kwa baadhi ya dawa tofauti ni kubwa. Usipokuwa na uhakika, uliza kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya tano: mtoto ni habari nyingine

Dozi ya mtoto inaamuliwa na uzito, na umri ni wa kukisia tu pale mizani inapokosekana. Ndiyo maana kadi ya kliniki isikae sandukuni siku mtoto anapoumwa.

Hebu tuone dirishani mambo yanavyokwenda. Cheti kimeandikwa amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, kidonge 1 kutwa mara mbili, siku 5, kwa nimonia. Uzito haujaandikwa.

"Mama, mtoto ana kilo ngapi?"

"Sikumbuki, dokta. Ana mwaka na nusu."

"Kadi unayo?"

Kadi inatoka mkobani: kilo 11. Kwa nimonia ya mtoto, chini ya kilo 10 ni kidonge 1 kila mara. Kuanzia kilo 10 hadi kabla ya 14 ni vidonge 2. Kuanzia 14 hadi 19 ni 3. Mtoto huyu kaandikiwa nusu ya anachostahili. Mfamasia habadilishi mwenyewe. Anapiga simu chumba namba 3 au anakwenda, tabibu anasahihisha na kuweka sahihi pembeni, mama anaondoka na vidonge 20 badala ya 10. Kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Mama aliyekasirika kwa kucheleweshwa dakika 10 hapo hana habari kwamba hizo ndizo dakika zenye thamani kuliko zote alizotumia hospitalini siku hiyo.

Dawa ya maji ya kuchanganya ina unga chupani. Ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi alama, tikisa, na kila ukitaka kumpa tikisa tena. Ikishachanganywa haikai, soma kwenye chupa ni siku ngapi, kisha mwaga inayobaki. Pima kwa kijiko kilichokuja na dawa. Kijiko cha jikoni hakina kipimo cha kuaminika.

Hatua ya sita: dirishani au famasi

Mpe cheti, umtazame anavyosoma. Mfamasia mzuri anauliza jina lako, anakagua, na akitoa anakueleza. Anaweza kukubadilishia kampuni, kwa mfano paracetamol ya kiwanda kimoja kwa ya kingine, kwa kukueleza na ukakubali. Hawezi kukubadilishia dawa yenyewe. "Hii hatuna, chukua hii inafanana" kwa kiuavijasumu si neno la kukubali mpaka aliyeandika apigiwe simu.

Angalia tarehe ya kwisha muda kwenye pakiti au kopo, mbele yake. Pokea risiti. Ukiona vipele, uso kuvimba au pumzi kubana baada ya kumeza, acha dawa ukimbilie kituo cha afya, na uwaombe wajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa inayokwenda TMDA.

Dawa ikikosekana hospitali ya umma utaambiwa ukanunue nje. Usikubali kuondoka na jina la dawa kichwani. Omba cheti chenyewe au nakala, na zile ulizopata zikatwe ili duka la nje lisikuuzie tena. Mwenye bima ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aulize kwanza kama anaweza kupewa fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na Mfuko, ile wengi wanaiita 2C. Watu hutoa pesa mfukoni kwa dawa ambayo bima ingelipa, kwa sababu tu hawakuuliza. Na dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU ni bure. Mtu akikutoza, hilo ni la kuripoti kwa mganga mfawidhi.

Dawa za kudumu

Presha, kisukari, kifafa, pumu. Hapa cheti kinajirudia, na watu wawili tofauti huharibu. Wa kwanza anaacha dawa akijisikia nafuu. Wa pili anashika cheti cha mwaka juzi, kimechakaa kwenye mikunjo, anakipeleka kila mwezi dukani na kununua dawa ileile ya miligramu 5, ilhali presha yake hajaipima tangu wakati huo. Cheti cha dawa ya kudumu kinadai kurudi kliniki: upimwe, uangaliwe kama dozi inatosha, kisha uandikiwe upya. Ukiwa umetulia, omba uandikiwe miezi zaidi kwa mpigo kama kituo kinaruhusu. Kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, zimeshalizoea hili. Mteja aliye imara huweza kupewa dawa za hadi miezi 6.

Zinazodhibitiwa

Mofini ya maji, dawa kuu ya maumivu makali ya saratani, hutolewa hospitali zenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, na Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kitovu chake. Cheti chake kina masharti: kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno ili mtu asiongeze sifuri, kila mililita iingie daftarini, na kila ikiisha uandikiwe kipya. Familia nyingi huogopa neno mofini na kumwacha mzee akilia usiku. Ikiandikwa na aliyefunzwa na kunywewa kwa saa, ni dawa kama nyingine.

Wenzetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2004 sheria yao inamruhusu muuguzi na tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hahitaji kumsubiri daktari. Naona ni jambo la kuiga.

Methadoni ya kutibu uraibu wa heroini haina cheti cha kwenda nacho dukani. Tangu kliniki ya kwanza ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, mteja kwa kawaida anakwenda kliniki na kunywa mbele ya mhudumu.

Ukisafiri na dawa, hasa kwenda Ghuba, jipange mapema. Tramadoli na kodeini, ambazo huku huzichukulii uzito, katika Umoja wa Falme za Kiarabu zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Beba dawa kwenye pakiti yake ya asili, cheti chenye jina linalolingana na pasipoti, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Ukiwa unatoka huko kurudi nyumbani na cheti cha daktari wa kule, mpelekee daktari wa hapa akuone na kuandika cha kwake, maana majina ya kampuni hubadilika nchi kwa nchi, na dawa yako inaweza kuwapo Kariakoo kwa jina ambalo hujawahi kulisikia.